Faili Ipo, Kompyuta Haiioni: Kwa Nini Windows za Zamani Zilidai CD Kila Mara

Umegusa kitu kidogo tu kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine ya Windows 98. Mashine yenyewe imezeeka, lakini ndiyo inayoendesha kipimo cha maabara ambacho programu yake haikuwahi kutengenezewa toleo jipya, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuitupa. Unabofya OK, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Kinatokea kisanduku kikikutaka uweke diski iliyoandikwa "Windows 98 Second Edition CD-ROM". Unaisaka CD, unaipata chini ya droo, unaiingiza. Kisanduku kinarudi: faili haikupatikana. CD imo ndani, unaisikia inavyozunguka. Ukiifungua kwa mkono unaiona folda ya WIN98 na kila kilichomo. Mashine imeng'ang'ania kwamba haioni kitu.

Jibu la haraka la mafundi wengi ni kwamba CD imekwaruzika au lenzi imechoka. Huwa kweli, mara mojamoja. Lakini kwa mashine nyingi za aina hii CD ni nzima na lenzi ni nzima. Tatizo ni kwamba Windows za zamani hazikuwa na desturi ya kutafuta. Zilikuwa zinakumbuka. Siku ya kusakinishwa ziliandika mahali zilipotolewa faili zao, na tangu siku hiyo, hata ipite miaka mitano, zilirudi palepale bila kuuliza kama pamehama. Ukilielewa hilo, nusu ya vituko vya Windows 95, 98 na XP vinapata maelezo. Nusu iliyobaki ni mtego mwingine, ule wa kuhitaji draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) ili uweze kuifikia draiva, nao tutaufikia.

Anwani inayoyumba

Mahali pa kumbukumbu hiyo panajulikana. Ni kwenye rejista, daftari ambamo Windows inaweka mipangilio yake, kwa njia hii: HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Setup. Humo kuna kipengele kinachoitwa SourcePath. Ukikifungua kwenye Windows 98 utakuta kitu kama D:\WIN98. Hiyo ndiyo anwani nzima. Hakuna jina la CD humo, wala utambulisho wa kifaa. Ni herufi ya diski na jina la folda, basi.

Na herufi ya diski kwenye Windows hizo ilikuwa kama kumwelekeza mgeni kwamba nyumba yako ni ya tatu kutoka dukani: akijenga mtu kiwanja cha katikati, mgeni wako anapiga hodi kwa jirani. Windows 95 na 98 zilirithi kanuni ya DOS, mfumo uliozitangulia, ya kugawa herufi. Kwanza zinapewa patisheni kuu (vipande vikuu) za diski zote, moja baada ya nyingine. Zikiisha, ndipo zinafuata patisheni ndogo zilizokatwa ndani ya diski. CD inakuja mwisho. Tena ugawaji huu ulirudiwa upya kila mashine ilipowashwa.

Chukua mashine yenye diski moja iliyogawanywa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni C:, cha pili ni D:, na CD ni E:. Windows 98 imesakinishwa, kwenye rejista imeandikwa E:\WIN98. Mwaka unapita, nafasi inajaa, mwenye mashine ananunua diski ya pili na fundi anaifunga. Diski hiyo mpya ina patisheni kuu, na patisheni kuu hutangulia. Kwa hiyo yenyewe inachukua D:. Ile iliyokuwa D: inasukumwa kuwa E:, na CD inakwenda F:. Siku ya kuongeza printa, Windows inakwenda E:\WIN98 kama ilivyoandikiwa, na huko inakuta barua za ofisi na picha za harusi. Inakwambia faili haikupatikana. Haikudanganyi, imekwenda ilikotumwa.

Programu zote zilizokuwa zimewekwa kwenye D: nazo zinagoma siku hiyohiyo, na mteja anaondoka akisema diski mpya imekuja na virusi.

Kilichokuwa kinaudhi zaidi ni kwamba hitilafu hii ingeweza kuzaliwa siku ya kwanza kabisa, mashine ikiwa mpya. Flopi ya kuwashia ya Windows 98, ile ambayo mafundi walitembea nayo mfukoni, ilikuwa na jambo lake. Ilipowasha mashine ilitengeneza diski ya muda ndani ya kumbukumbu, ikaweka humo zana zake kama vile za kupanga na kukagua diski. Diski hiyo ya muda ilihitaji herufi, ikachukua ile iliyofuata baada ya diski kuu. Ikiwa una C: peke yake, diski ya muda inakuwa D:, na CD inasogea kuwa E:. Unaanza kusakinisha ukitokea E:\WIN98. Windows inaandika anwani hiyo. Ukimaliza, unatoa flopi, unawasha upya, diski ya muda imeyeyuka, na CD imerudi D:. Tangu hapo kila kifaa unachoongeza kinaombewa CD iliyoko E:, na E: haipo duniani. Mashine ina umri wa saa moja na tayari imeshasahau kwao.

Dawa ilikuwa rahisi mno, kiasi kwamba inashangaza haikuwa kawaida ya kiwandani: kabla ya kusakinisha, nakili folda nzima ya WIN98 kutoka kwenye CD uiweke kwenye diski kuu, halafu anzisha usakinishaji kutoka hukohuko. Baadhi ya watengenezaji wa kompyuta walifanya hivyo, wakaiweka kwenye C:\Windows\Options\Cabs, na ndiyo maana kuna mashine za wakati ule ambazo hazikuwahi kuomba CD maishani mwake. Folda hiyo haifiki MB 200. Kama Windows imeshasakinishwa, unainakili baadaye na kubadilisha SourcePath kwa mkono ielekee huko. Mwenye subira alifanya jambo jingine pia: kwenye kidhibiti cha vifaa alifungua sifa za CD na kuitengea herufi ya mbali, mfano R:, ili hata ziongezwe diski tatu isisukumwe.

Nani anayeomba faili?

Sasa tuingie ndani kidogo, kwa sababu ujumbe wa "weka diski fulani" hauandikwi na Windows yenyewe peke yake. Unatokana na faili ndogo za maandishi zenye kiambishi cha INF. Kila draiva inayo ya kwake. Ukiifungua kwa Notepad utaisoma kama barua. Kuna sehemu inayotaja vifaa ambavyo draiva hii inavihudumia. Kuna sehemu ya CopyFiles inayosema faili zipi zinakiliwe na ziende wapi. Kuna SourceDisksNames, inayotaja majina ya diski, na SourceDisksFiles, inayosema faili ipi iko diski ipi. Jina lile unaloliona kwenye kisanduku limechotwa hapo.

Kifaa nacho kinajitambulisha kwa namba. Chomeka kadi ya mtandao kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, nayo itasema, kwa lugha yake, PCI\VEN_10EC&DEV_8139. Hiyo 10EC ni mtengenezaji, Realtek, na 8139 ni aina ya chipu. Intel ni 8086, heshima kwa kichakata chao cha zamani. NVIDIA ni 10DE. Windows inachukua namba hiyo na kupekua faili zote za INF zilizomo kwenye C:\Windows\INF, folda ambayo imefichwa na ndiyo maana wengi hawajui kama ipo. Ikipata INF inayotaja namba hiyo, inaanza kutekeleza orodha ya kunakili. Isipopata, inakuachia alama ya swali ya njano na kukuomba uielekeze.

Angalia mahali lilipo tatizo. Upekuzi wa INF unafanyika vizuri. Hapo Windows inatafuta kweli. Lakini INF ikishapatikana na kusema faili hii iko kwenye CD ya Windows 98, upekuzi umekwisha. Kinachofuata ni SourcePath. Hata kama faili yenyewe imeshakaa ndani ya mashine, tayari kwa kazi, Windows 98 inaidai upya kutoka kwenye CD, kwa sababu orodha imesema inakiliwe.

Hapo ndipo palipotoka ule ujanja ambao ulipitishwa kwa mdomo kutoka fundi hadi fundi kwenye vibanda vya Luthuli Avenue, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam: kisanduku kikidai CD na wewe huna, bofya sehemu ya kuvinjari, uielekeze C:\Windows\System. Ikikataa, ipeleke C:\Windows\System32\Drivers. Ikikataa tena, C:\Windows\INF. Mara nyingi inakubali. Wengi walioutumia hawakujua kwa nini unafanya kazi. Unafanya kazi kwa sababu mashine inaomba kitu ambacho inacho, na wewe unaionyesha tu mkono wake yenyewe.

Lakini usiutumie ovyo. Faili ikiwa kweli haimo, wapo waliobofya kuiruka ili wamalize haraka, na matokeo yake ni draiva iliyosakinishwa nusu, kifaa kinachoonekana kwenye orodha bila kufanya kazi, na ujumbe wa hitilafu kila mashine inapowaka. Kuna na kisanduku kingine, ndugu yake: faili inayonakiliwa ni ya zamani kuliko uliyonayo, je, ubaki na uliyonayo? Jibu salama lilikuwa kubaki nayo. Watu waliozoea kubofya bila kusoma walijikuta wamerudisha faili za 1998 juu ya zile zilizosasishwa.

Faili hizo kwenye CD, kwa taarifa yako, hazikai wazi. Windows 98 imezibana ndani ya mafurushi ya CAB, na ili kutoa moja unahitaji amri ya EXTRACT au kikaguzi cha faili za mfumo. Windows XP ina folda ya I386, na humo faili nyingi zimebanwa mojamoja na herufi yake ya mwisho kuwekewa mstari: usbstor.sys inakuwa usbstor.sy_. Fundi asiyejua hilo anatafuta jina kamili, halioni, anahitimisha kwamba CD ni feki.

Draiva ya kuifikia draiva

Tuje kwenye ule mtego wa pili. Windows 95 iliingia sokoni tarehe 24 Agosti 1995, na pamoja na toleo la CD lilikuwapo la flopi 13. Walioicheka ile ya flopi hawakujua kwamba ilikuwa na faida moja: kila mashine ilijua kusoma flopi. CD ilikuwa mgeni. Ili DOS iione ulihitaji draiva ya kifaa ndani ya CONFIG.SYS na programu ya MSCDEX ndani ya AUTOEXEC.BAT, faili mbili ambazo DOS ilizisoma kila ilipowaka. Ukishafanya hivyo usakinishaji unaanza, unafika katikati, mashine inajiwasha upya, na sasa Windows yenyewe inashika usukani kwa draiva zake. Ikiwa mazabodi ni mpya kuliko Windows 95, au CD imeunganishwa kupitia kadi ya sauti, kama ilivyokuwa kwa seti nyingi za wakati ule, Windows inaweza isiitambue njia ya kuelekea kwenye CD. Basi inafanya kilicho sahihi kwa mujibu wa taratibu zake. Inaomba draiva. Draiva iko wapi? Kwenye CD.

Ukitaka kuelewa chanzo, shika jambo hili moja: mashine inapowaka, anayesoma diski ni BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi yenyewe. BIOS ina uwezo mdogo, lakini inatosha kupakia mfumo kwenye kumbukumbu. Baadaye mfumo unaiambia BIOS ikae pembeni na kuanza kusoma diski kwa draiva zake wenyewe. Dakika ile ya makabidhiano ndiyo ya hatari. Kama mfumo hauna draiva ya kile kifaa ambacho wenyewe umetoka kupakiwa kutoka kwake, umekata tawi ulilokalia.

Windows 98 iliileta shida hii kwa sura ya USB. Ilikuwa na uwezo wa USB, lakini haikuwa na draiva moja ya jumla ya flashi. Kila aina ya flashi ilihitaji draiva ya mtengenezaji wake. Flashi ya rafiki yako haikubaliki mpaka uweke draiva yake, na draiva umekuja nayo ndani ya flashi hiyohiyo. Windows 2000 na Windows Me ndizo zilizokuja na draiva ya jumla.

XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilijitahidi. Ilirithi ukoo wa Windows NT, ambao unakumbuka patisheni kwa utambulisho wake, kwa hiyo kuongeza diski hakukuvuruga herufi kama zamani. Draiva zake za kawaida ziliwekwa ndani ya mashine, kwenye furushi la driver.cab, hivyo printa nyingi ziliingia bila CD kudaiwa. (Ila ukisahau kisomea kadi cha USB kimechomekwa wakati wa kusakinisha, kinaweza kuchukua C:, na Windows yako ikaishi maisha yake yote kwenye F: au I:. Programu zilizoandikwa na watu wavivu, zilizodhani kila Windows iko C:, hazikupona.)

Lakini dakika ya makabidhiano XP haikuitatua. Diski za SATA (muunganisho uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa IDE) zilipoanza kuwekwa kwenye hali ya AHCI, namna mpya ya kuongea nazo, CD ya XP haikuwa na draiva yake. Unaingiza CD, skrini ya bluu ya maandishi inapakia faili moja baada ya nyingine, kwa sababu bado BIOS ndiyo inayosoma, halafu mfumo unachukua kazi na kukutangazia kwamba hakuna diski kuu kwenye kompyuta hii. Au unakatika hapohapo kwa STOP 0x0000007B, namba ambayo fundi wa zama zile anaijua kuliko namba yake ya simu. Mteja anaambiwa diski imekufa. Diski haina neno.

Mlango uliowekwa ulikuwa kitufe cha F6. Kwa sekunde chache, chini ya skrini, yalitokea maandishi yakikualika kubonyeza F6 kama una draiva ya SCSI au RAID. Ukikosa kubonyeza, anza upya. Ukibonyeza, ulipaswa kuwa na flopi. CD haikubaliki, flashi haikubaliki, ni flopi, na kwenye mzizi wa flopi hiyo lazima iwepo faili inayoitwa txtsetup.oem. Hii ilikuwa miaka ambayo kompyuta mpakato zilikuwa zinauzwa bila mahali pa flopi. Flopi ya nje ya USB? XP ilizitambua aina chache tu hapo, zilizoorodheshwa kwa jina. Sijui kama kuna uamuzi wa Microsoft uliochosha watu kuliko huu, na haukubadilishwa hata kwenye Service Pack 3, mkusanyo wa masasisho wa mwaka 2008.

Waliojua walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuingia BIOS na kubadilisha AHCI iwe IDE au "compatibility". XP inaiona diski, unasakinisha, unaondoka. Ole wake atakayeirudisha AHCI baadaye bila kuweka draiva kwanza: 7B inarudi palepale. Njia ya pili, iliyo bora, ni kutengeneza CD upya kwa programu ya nLite, ukiipachika draiva ya SATA ndani yake tangu mwanzo. CD nyingi za XP zilizozunguka mitaani zenye majina ya ajabu na picha za magari kwenye kava zilikuwa kazi za namna hiyo. Nyingine zilikuja na mengine ambayo hukuyaomba.

Kuna kituko kimoja cha XP kinachostahili kutajwa. Katikati ya usakinishaji, kwenye ile sehemu ya picha na saa inayohesabu dakika zilizobaki, inasimama na kuomba faili inayoitwa asms. Njia iliyoandikwa kwenye kisanduku ni \\?\GLOBALROOT\Device\Cdrom0\I386. Ukiitazama vizuri utaona kwamba herufi ya diski haimo. Microsoft walikuwa wameshajifunza kwamba herufi haziaminiki, wakaandika jina la kifaa chenyewe. Lakini njia ni ileile iliyoandikwa mara moja. Kifaa kikipotea baada ya mashine kujiwasha upya, au CD ikishindwa kusomeka mahali hapo, hakuna njia ya pili itakayojaribiwa. Bonyeza Shift na F10, utapata dirisha la amri, na uone kwa macho yako kama CD bado ipo. Kama ipo na inasomeka, andika kwenye kisanduku njia ya kawaida, mfano D:\I386, uendelee. Kama haipo, unajua sasa kwamba usihangaike kununua CD nyingine.

Na kwa waliobaki na XP hadi leo: kikaguzi cha faili, sfc /scannow, nacho huomba CD, na kikikataa CD uliyo nayo sababu huwa ni kwamba mashine ina Service Pack ambayo CD haina. Kando ya SourcePath kwenye rejista kuna ndugu yake, ServicePackSourcePath. Ukiwa na folda ya I386 kwenye C:, andika C:\ peke yake kwenye SourcePath, usiongeze I386; Windows inaliongeza jina hilo yenyewe, na ukiliandika litatafutwa mara mbili.

Intaneti haikuwa jibu

Vijana watauliza kwa nini mtu asipakue tu. Kwanza, kadi ya mtandao nayo ni kifaa. Realtek 8168, iliyojaa kwenye mazabodi za katikati ya miaka ya 2000, haikuwamo kwenye CD ya XP. Huna mtandao mpaka uweke draiva, na draiva iko mtandaoni. Pili, kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM ikizinduliwa Julai 2009, intaneti yetu ilipita kwenye satelaiti kwa bei ya kuumiza. Kwa modemu ya simu ya kbps 56, draiva ya MB 20 ni zaidi ya dakika 45, laini isipokatika. Ndiyo maana CD na DVD za mkusanyo wa draiva ziliuzwa kama karanga, na ndiyo maana fundi mwenye mkusanyo mzuri alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Kompyuta nyingi zilifika zikiwa mitumba kutoka Ulaya, Marekani na Dubai, zimefutwa diski, bila CD yake. Aliyekuwa na CD hiyo alikuwa ameitupa zamani, kilomita elfu kadhaa kutoka hapa.

Linux nayo isijifanye mtakatifu. Debian, mojawapo ya matoleo yake, kwa sababu za kanuni zake juu ya programu huria, iliziweka programu ndogo (firmware) ambazo kadi nyingi za Wi-Fi zinazihitaji ili zifanye kazi nje ya CD yake rasmi kwa miaka mingi, na mtu akaombwa flashi katikati ya usakinishaji. Zilianza kuingizwa kwenye toleo la 12, Juni 2023.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Windows Vista ilibadilisha mambo kwa uamuzi mmoja wa kimabavu: kila kitu kinanakiliwa kwenye diski. Faili za mfumo zinawekwa kwenye WinSxS, ile folda ambayo watu wanalalamika kwamba inakula nafasi. Draiva inapoingia, kifurushi chake chote, INF na faili zake, kinahifadhiwa kwanza kwenye C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, ndipo kinapotumika. Ukihamisha kifaa kwenye tundu jingine la USB, Windows haikuulizi kitu. Inakwenda kwenye ghala lake. GB kadhaa zimetumika ili wewe usiombwe CD, na kwa maoni yangu ni biashara nzuri. Lisafishe ghala hilo kwa zana za Windows kama lazima, ila usiwe kama wanaoingia WinSxS na kufuta kwa mkono.

Dakika ya makabidhiano, hata hivyo, ilirudi kwa Windows 7. Mwaka 2015 Intel walitoa chipseti (chipu za mazabodi zinazoviunganisha vifaa) za mfululizo wa 100, na humo wakaondoa kidhibiti cha zamani cha USB 2.0. Matundu yote yakawa chini ya kidhibiti cha USB 3.0, ambacho Windows 7 haina draiva yake ndani. Unaiwasha kutoka kwenye flashi, inapakia vizuri, BIOS ikiwa kazini. Inafika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, na hapo kibodi imekufa na mausi imekufa. Ukibahatika kuwa na kibodi ya tundu la duara la PS/2 unasonga mbele kidogo, halafu unapata ujumbe kwamba draiva ya CD/DVD inayohitajika haipo. Mashine haina hata CD. Watu wamebadilisha nyaya na kununua vifaa vya DVD vya nje kwa sababu ya sentensi hiyo. Inachomaanisha ni kwamba kisakinishaji hakiioni tena flashi kilikotoka.

Kwenye mashine ya kabla ya hapo, yenye matundu ya aina zote mbili, hamishia flashi kwenye tundu jeusi la USB 2.0 na mambo yanakwisha. Kwenye ile yenye USB 3.0 tupu, draiva ipachikwe ndani ya flashi kabla ya kuanza, kwa DISM, amri ya Windows ya kuhariri faili za usakinishaji, na ipachikwe mahali pawili: kwenye boot.wim, hasa picha ya pili ambayo ndiyo kisakinishaji, na kwenye install.wim, yenye Windows yenyewe itakayosakinishwa. Ukiiweka kwenye boot.wim pekee utasakinisha hadi mwisho kwa furaha, kisha Windows iliyokamilika inawaka na kibodi imekufa tena, kwa sababu huyo ni mtu mwingine na hajapewa draiva. Kama diski ni ya NVMe, ile aina mpya ya kasi, ongeza sasisho la KB2990941 humohumo, la sivyo hakuna diski itakayoonekana.

Na ukishamaliza yote hayo, draiva ikaingia lakini kifaa kikaonyesha hitilafu namba 52, usirudi kwenye njia za faili. Faili imepatikana safari hii. Windows 7 ya biti 64 isiyosasishwa haiwezi kuthibitisha saini za SHA-2 (alama za kidijitali za kuonyesha draiva imetoka kwa nani) ambazo draiva za miaka ya karibuni zinatumia. Weka KB3033929, au KB4474419 ya mwaka 2019, zima, washa, kisha sakinisha draiva upya.